Uyoga Uliokatwa Mguu

Mvua ya kwanza ikinyesha baada ya kiangazi, mimi hufunga madirisha yote, hata kama moshi umejaa jikoni. Wajukuu wananicheka, ati Cucu anaogopa baridi. Siogopi baridi. Nimechuma kahawa kwenye umande tangu nikiwa msichana. Ni ile harufu ya udongo ukilowa mara ya kwanza, na chini ya harufu hiyo, kama pua yako bado ni nzima, kuna nyingine ndogo kama ya unga uliosagwa sasa hivi. Hiyo siitaki nyumbani kwangu.

Nyinyi wa rika langu, tuliozaliwa wakati wa vita vya msituni na kulelewa baada ya bendera kupanda, mtanielewa bila maelezo mengi. Vijana wakisoma, sawa, lakini sikuwaandikia wao.

Nililelewa na Cucu wangu mimi, mama yake baba yangu, kule Tetu, kwenye mgongo wa kilima wa mwisho ambapo mashamba yanaisha na msitu unaanza. Baba aliingia msituni na wenzake na hakurudi, wala yeye wala habari zake. Mama na dada yangu mkubwa walikufa kwa homa katika kile kijiji cha mtaro na miiba tulimofungiwa wakati wa vita. Dada yangu aliitwa Wamuyu, jina la Cucu mwenyewe, kwa sababu kwetu msichana wa kwanza wa kijana wako ni wewe unazaliwa tena. Mimi wa pili nilipewa jina la upande wa mama, Wangeci. Kwa hivyo Cucu akiniangalia alikuwa anaona aliyebaki, si aliyemtaka. Hakunificha. Alikuwa akisema, "Mungu alichukua Wamuyu akaniachia wewe. Basi, leta kuni."

Msimchukie. Kukiwa na kiazi kimoja, nilikula mimi.

Alikuwa na sheria moja kubwa: udongo hauvuki mlango wake. Viazi vioshwe mtoni, mboga zikatwe mizizi huko huko, miguu ipanguswe kwa majani. "Nyumba si shamba," alisema. Kule kijijini walilala watu wanane juu ya matope, na nadhani alikuwa ameapa. Mimi niliona ni ukali tu. Nilijifunza kuleta kila kitu kikiwa safi kama cha dukani, na nikifanya hivyo alininyamazia, na kunyamaziwa na Cucu kulikuwa ndiko kusifiwa.

Kijana wake aliyebaki, Wachira, baba yangu mdogo, alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao na kuja nyumbani Jumamosi. Jumamosi moja alikuja na mke. Aliitwa Igoki, na alitoka ule upande mwingine wa mlima, mashariki, jua linakotokea. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, na alicheka kwa urahisi. Nilimwita tata, tunavyomwita shangazi ama mke wa baba mdogo. Lugha yake ilikuwa karibu na yetu, lakini maneno yalikuwa na kona pale ambapo yetu yameenda moja kwa moja, na majirani wakamwigiza.

Kilichomharibia ni uyoga. Huko kwao walikula uyoga, na walikuwa na majina yake kama sisi tulivyo na majina ya viazi. Kwetu hapakuwa na jina la kila mmoja, na kitu kisicho na jina hakiliwi. Kwetu uyoga ulikuwa chakula cha tumbili na cha watu wa njaa. Cucu alikuwa ameula wakati wa vita kwa sababu hapakuwa na kingine, na hakutaka kukumbushwa. Mara ya kwanza Igoki alipika akamletea sahani kwa mikono miwili, kama mke mpya anavyopaswa. Cucu akaiangalia, akasema, "Mimi sijafungiwa tena." Akaisukuma.

Tangu siku hiyo Cucu hakula chochote kutoka mkono wa Igoki. Hata ugali. Alijipikia mwenyewe na sufuria yake, au nilimpikia mimi. Nyinyi mnajua hilo ni neno gani. Mama mkwe asipokula kwako, hujaolewa. Unalala tu hapo. Mwaka mzima Igoki alipika, akapeleka, akarudisha sahani ikiwa imejaa. Majirani walihesabu sahani kuliko yeye.

Mimi nilimpenda. Alinipeleka naye ukingoni mwa msitu kila mvua ya kwanza ya msimu, kwa maana uyoga aliotaka ulitokea siku chache tu, halafu basi mpaka mwaka ujao. Mara nyingi tulirudi mikono mitupu. Ulipenda sehemu moja, karibu na kichuguu cha zamani cha mchwa chini ya miti, na hata hapo ulichagua siku.

"Wangeci, kuja. Usiguse kwanza. Angalia na macho."

Uliinuka peke yake kutoka kwa udongo, ukinuka kama unga uliosagwa sasa hivi, rangi ya kijivu na kahawia, na katikati ya kichwa ulikuwa na ncha, kama kitovu kilichotoka nje.

"Tata, huu konokono ameula. Si basi ni mzuri?"

"Konokono ni ndugu yako? Tumbo lake si lako."

"Wanasema ukiupika na kitunguu, na kitunguu kisigeuke rangi, hauna sumu."

"Kitunguu kinajua nini. Kitunguu kinajua kitunguu." Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Sikiza. Uyoga hauulizwi kichwani. Vichwa vinafanana. Unaulizwa mguuni."

Alichimba pole pole na kijiti kuzunguka mguu, akauvuta. Ukaja, na ukaendelea kuja, mzizi mweupe mrefu kama mkono wangu mpaka kiwiko, ukazidi kuwa mwembamba. Mwishowe ukakatika huko ndani. "Kilichobaki kiko chini huko," akasema. Akaniinamisha nione chini ya kichwa, zile karatasi nyembamba zimelala kama kurasa za Biblia, na rangi yake imeanza kuwa ya waridi kidogo.

Halafu akanionyesha wa pili, mweupe, mzuri kuliko ule wa kwanza. Nisingejua. Ulikuwa na kichwa karibu sawa, lakini shingoni umevaa kitu kama sketi ndogo, na chini ya kichwa ulikuwa mweupe tu. Akachimba. Hakukuwa na mzizi mrefu. Mguu uliishia kwenye kikombe kilichozikwa udongoni, kama ganda la yai limevunjwa. "Huu ukila, unalala vizuri. Asubuhi unatapika. Halafu unapona, unaomba uji, watu wanashukuru Mungu. Halafu unakufa." Alisema hivyo bila kupandisha sauti. Alikuwa amemwona shangazi yake akiomba uji.

Wa tatu ulikuwa mkubwa, wa malishoni, ukizeeka chini yake inakuwa kijani kama maji ya mboga. Huo aliupiga teke tu.

"Sketi inaweza kuanguka kwa mvua," aliniambia. "Rangi inaweza kukudanganya kivulini. Lakini kikombe na mzizi viko chini, havidanganyi. Kwa hivyo unang'oa wote na udongo wake, unaniletea hivyo hivyo mchafu. Uyoga usio na mguu, hata uletwe na malaika, unamwaga."

Niliyaweka hayo yote kichwani. Kama angenipa mtihani ningepita. Lakini kuna jambo sikumwambia, na hilo ndilo jambo lenyewe.

Jioni tukiota moto, wazee wa kwetu walikuwa na mazoea ya kuzungumza juu ya msitu. Wachoma makaa walikuwa wakipata mifupa huko. Cucu alikuwa akisema, "Wetu bado wako huko chini ya majani. Mvua kubwa ikinyesha, wanaonekana." Alikuwa anasema ukweli mtupu, kwamba maji yanaosha udongo na mifupa inatokea. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Nilijua kinachotokea chini ya majani mvua ikinyesha, nilikuwa nimekiona. Vichwa. Vya kijivu, vya mviringo, vikiinua udongo pole pole kama mtu anayejaribu kuamka na blanketi limemwelemea. Na nilikuwa nimeona tata akivuta kimoja, na kitu huko chini kikishikilia mpaka kikakatika.

Nikaelewa, kwa akili ya mtoto, kwamba ni wao. Kwamba kila mmoja ana mzizi unaoenda mpaka kwa mtu. Igoki hangejua, alikuwa mgeni, waliolala huko hawakuwa wake. Cucu ndiye aliyejua, na ndiyo sababu alikataa kula. Hivyo ndivyo nilivyopanga mambo. Sikumwambia mtu, kwa sababu mtoto anayelelewa na jina lisilotakiwa hajiongezei maneno. Nilipokwenda na Igoki nilimwacha yeye avute. Nilishika kiondo na kuangalia kwingine.

Mwaka wa pili Igoki akapata mimba, na ilipokuwa kubwa, wanawake wakamwangalia tumbo wakasema ni msichana. Cucu akaanza kubadilika. Hakusema kitu, lakini alianza kukaa kwenye kigoda upande ule wa ua ambao Igoki alikaa. Siku moja mvua ilikuwa imenyesha usiku wote, ya kwanza, na mchana kulikuwa na ukungu. Igoki alikuwa anamenya viazi, miguu imevimba. Cucu akamwangalia kwa muda mrefu.

"Huyo wa tumboni ataitwa mimi," akasema.

"Ndiyo, mama. Ataitwa nani mwingine."

"Kile chakula chenu cha huko. Kinapikwaje?"

Kisu cha Igoki kikasimama. "Kwa maji na chumvi, halafu unaweka malai ya maziwa mwishoni."

"Nipikie basi nione. Nisije nikapewa mjukuu anayekula vitu nisivyovijua."

Igoki hakucheka. Akaniita kando ya ghala, akanipa kiondo. "Mimi siwezi kupanda huko na miguu hii. Nenda pale kichuguuni. Ng'oa, usikate. Ukikosa mzizi, acha. Hata ukiniletea mmoja, ni sawa. Umesikia?"

"Nimesikia, tata."

Nilipanda na kiondo na kile kisu cha kukatia majani ya ng'ombe. Msitu ulikuwa unadondoka. Hapakuwa na ndege. Kwenye kichuguu vilikuwa sita au saba, vimesimama pamoja, vimegeukia upande mmoja kama watu wanaosikiliza. Niliwapa salamu. Nilichimba wa kwanza na kijiti jinsi nilivyofundishwa, nikashika mguu, nikavuta. Ukaja kidogo, halafu ukakataa. Nikavuta tena na nikasikia, sitasema nilidhani, nikasikia, upande wa pili ukivuta pia.

Niliachilia. Nilikaa kwenye majani nikalia bila sauti. Nilikuwa nafikiria baba yangu, ambaye sikuwahi kumwona uso. Ningemvuta halafu? Ningemwambia mimi ni nani? Lakini nyumbani Cucu alikuwa amekaa anangoja, na tata alikuwa amengoja sahani hiyo moja mwaka mzima. Nikatoa kisu. Nikakata sawa na udongo, haraka, nimefumba macho nusu, na kila nilipokata nilisema pole. Chini sikuangalia.

Havikujaza hata sakafu ya kiondo. Nikaingia ndani zaidi, chini ya mti mkubwa wa muiri, nikaona vingine kwenye ukungu, vimesimama mstari. Vilikuwa vyeupe zaidi. Nikajiambia ni kivuli, si tata alisema rangi inadanganya kivulini. Kama ningetaka kujua, ningeweka kidole udongoni tu, nipapase kama kuna kikombe. Kidole kimoja. Huko udongoni ndiko sikutaka kuweka kidole. Nikakata.

Mtoni nikaviosha vyote, nikapunguza miguu ikawa sawasawa. Vilikuwa vizuri kama mayai.

Igoki akafungua kiondo. "Miguu iko wapi?"

"Nimekata mtoni, tata. Cucu hapendi udongo."

Cucu akasema kutoka kwenye kigoda, "Mtoto amefanya vizuri. Wewe ndiye ulikuwa unamzoesha uchafu."

Igoki akachukua mmoja, akanusa, akaugeuza. Akachukua mwingine, akaupeleka mlangoni kwenye mwanga, na mchana ule mwanga haukuwepo. "Uling'oa kwanza? Uliona mizizi?"

"Niliona."

"Yote?"

"Yote, tata."

Bado hakuamini. Nilimwona anainua kiondo, anatoka nje, anaelekea kwenye shimo la taka. Mpaka leo nikilala naona mgongo wake ukienda. Hatua sita zaidi na maisha ya watu wanne yangekuwa mengine. Cucu akamwita.

"Kumbe hata leo hunipikii?"

Igoki akasimama. Akarudi.

Cucu alikula sahani nzima, akapangusa na ugali. Igoki alionja tu wakati wa kupika, na baadaye akala kidogo, kwa sababu alikuwa akimwangalia Cucu akila. Mimi niliambiwa nile, nikasema tumbo linaniuma. Sikuweza kuwala watu. Cucu akamaliza, akamrudishia Igoki sahani tupu, akasema, "Si mbaya." Igoki akaishika hiyo sahani kifuani, hakuipeleka kuoshwa.

Alfajiri walianza kutapika wote wawili. Igoki alitapika siku nzima, akawa wa manjano machoni, lakini alikuwa amekula kidogo na mtoto akashikilia. Cucu alitapika mpaka akabaki kitambaa. Siku ya pili asubuhi akaamka, akakaa, akaomba uji. Majirani wakasema asante Mungu. Mimi niliutia uji kwenye kibuyu nikiwa najua. Nilikuwa mtu pekee wa kwetu, ukimtoa Igoki kwenye mkeka wake, aliyejua maana ya uji ule. Nilimshikia anywe. Akanywa, akaniangalia, akasema, "Umekuwa msichana mzuri." Hakuwa amewahi kuniambia hivyo. Siku ya nne tukamzika shambani, kando ya mpaka.

Siku iliyofuata mazishi, wazee wa ukoo walikaa uani. Aliyeuliza ni Guka Ndegwa, babu kwangu, ndugu wa mume wa Cucu, mzee wa kanisa mwenye sauti ya pole. Wachira alikaa karibu naye akiangalia viatu vyake. Igoki alikuwa chini, ameegemea ukuta, tumbo juu ya magoti. Wanawake walikuwa wameshasema yao: kwamba alikula kidogo kwa sababu alijua, kwamba mwaka mzima alingoja sahani moja tu.

Igoki akasema, "Nilimwambia mtoto ang'oe. Akaleta bila miguu. Nilimuuliza, akasema ameona mizizi. Muulizeni."

Guka Ndegwa akaniita. Akaniweka mkono begani. "Wangeci, usiogope. Hakuna mtu atakupiga. Huo uyoga, ulikata miguu wewe mwenyewe, au uliambiwa ukate?"

Nilikuwa nimesimama pale nikiwa sina mama, sina baba, na aliyenilisha nimemzika jana. Nikiwa mimi ndiye, nitaenda wapi? Na ningeanzia wapi kusema nilichoona huko msituni, mbele ya wanaume wote wale ambao ndugu zao walikuwa huko chini?

"Niliambiwa," nikasema.

"Na nani?"

"Na tata."

"Aliyekwambia ukate ni tata? Fikiri vizuri."

"Ni tata."

Igoki akasema jina langu. "Wangeci." Mara moja tu, si kwa hasira, kama unavyomwita mtu aliyesahau kitu njiani. Nikaangalia kuku.

Kesho yake Wachira alimsindikiza mpaka barabarani, akampandisha basi la kuelekea Sagana, kutoka hapo ajitafutie la kwao. Alienda na kiondo na blanketi. Nilikaa kwa Wachira, akaoa mwingine, nikasoma mpaka darasa la nne, nikaolewa upande wa Gatitu, nikazaa. Watu wakizungumza juu ya kifo cha Cucu walisema, "Yule mwanamke wa mashariki." Nilikuwa nasikia, nakoroga chungu.

Halafu nikiwa mwanamke mzima, nina watoto watano, nilipeleka viazi soko la Sagana, na nikiwa nimeinama nafungua gunia nikasikia mtu anaita, "Wamuyu! Wamuyu, leta ile pishi."

Gunia likaniponyoka. Niligeuka. Msichana mrefu alikuwa anapeleka kipimo kwa mama aliyekaa nyuma ya mchele na ndengu. Mama alikuwa amekonda, meno mawili yameenda, lakini alikuwa ni yeye. Akaniona. Hakushtuka. Akamwambia msichana aende anywe chai.

Nilisimama mbele ya mchele wake kama mtu anayetaka kununua. "Ulimpa jina lake," nikasema.

"Ningempa la nani? Yule alikuwa mama ya bwanangu. Alikula kwangu." Akasawazisha ndengu kwa kiganja. "Walisema ati nilimuua. Unamuua mtu halafu unamwita kila asubuhi aamke akateke maji?"

Nilichota mchele wake kwa kiganja, nikaurudisha.

"Niambie kitu kimoja," akasema. "Sitaki kilio, hapa ni sokoni. Nilikufundisha kung'oa. Ulikuwa unajua kuliko mtoto yeyote wa kwetu. Kwa nini ulikata? Na hukula. Mimi nilikuona, hukula. Miaka hii yote najiuliza nilimkosea nini huyo mtoto, mpaka akanipangia."

Hapo ndipo nilipomwambia. Juu ya wachoma makaa, juu ya maneno ya Cucu jioni, vichwa, mzizi uliovuta. Nilimwambia nilifikiri nitamng'oa baba. Nikiwa mama wa watoto watano nilisema hayo katikati ya makondakta wanaoita abiria, na yalitoka kwa sauti ya mtoto.

Igoki akampimia mteja mmoja mchele, akamrudishia chenji. Halafu akasema, "Kumbe hukunichukia."

"Hapana, tata."

"Basi." Akafunika mdomo na kanga, akakaa hivyo, mabega yanacheza, na sijui kama alikuwa analia au anacheka. Alipofunua alikuwa amerudi kuwa mkali. "Msichana wangu hajawahi kuona kwao. Mpeleke. Umwambie Wachira na yule mzee, mbele yake, ulivyoniambia mimi. Akirudi ataniambia kama ulisema."

Nilimpeleka wiki ile ile. Tulishuka, tukatembea, na njiani hakuniuliza kitu. Wachira alikuwa anatoa majani kwenye kahawa. Akamwona msichana anakuja kati ya mistari na akashika mti wa kahawa. "Unaitwa nani?" Akasema, "Wamuyu wa Wachira." Wachira akakaa chini pale pale kwenye majani, mke wake wa pili akatoka jikoni, akaangalia, akarudi ndani.

Guka Ndegwa alikuwa bado hai, mzee sana, anatembea na fimbo mbili. Tulimletea kiti kando ya kaburi la Cucu, na nikasema yote. Nilisema nilikata mimi. Nilisema Igoki hakuniambia nikate, aliniambia ning'oe, na nilidanganya mara ya kwanza mbele ya sufuria na mara ya pili mbele yao. Wachira alikuwa anaangalia viatu vyake, kama siku ile. Wamuyu alisimama wima, mikono nyuma.

Guka Ndegwa akangoja nikamaliza. Akasema na ile sauti yake ya pole, "Tulikuuliza."

"Ndiyo, Guka."

"Tulikuuliza mara mbili. Nilikuambia ufikiri vizuri."

"Mliuliza mtoto wa miaka tisa," nikasema, "na mkaweka jibu ndani ya swali. Lakini ni kweli mliniuliza, na ni kweli nilidanganya. Sasa mimi ni mtu mzima. Niulize tena, msichana wake asikie."

Akaniangalia. Akamwangalia Wamuyu, na najua aliona uso wa Cucu. Akatafuta fimbo zake, moja, halafu nyingine, akainuka. Akasema mvua inakuja, afadhali tuingie ndani.

Hakuniuliza. Wachira hakuniuliza. Wamuyu alirudi kwa mama yake akamwambia nimesema, na Igoki akafa akijua nimesema, lakini kule kwetu bado wanasema yule mwanamke wa mashariki, na mjukuu wangu mwenyewe amelisema neno hilo mwezi uliopita, amelitoa wapi sijui. Wazee waliokuwa na haki ya kuuliza wameisha wote. Ndiyo maana nimejibu bila kuulizwa.